Kuhifadhi mipangilio ya PuTTY kwa kazi ya majaribio: tafadhali soma hapa kabla ya kuuliza

Wenzangu mnaojaribu programu za skrini ya maandishi hapa Nakuru na kwingineko, swali la jinsi ya kuhifadhi na kubadilisha mipangilio ya PuTTY (programu ya kuunganisha kompyuta yako na seva iliyo mbali) nimelijibu mara nyingi mno, na kwa hiyo naliandika mara moja ili kila atakayeuliza aelekezwe hapa.

Hatua ya kwanza: andika anwani ya seva na nambari ya poti, ambayo kwa SSH (njia salama ya kuingia kwenye seva) kwa kawaida ni 22.

Hatua ya pili: weka ukubwa wa dirisha, kwa kawaida safu 80 kwa mistari 24, kisha uchague aina ya vitufe vya F (yaani alama zinazotumwa unapobonyeza F1, F2 na kuendelea) inayotarajiwa na programu unayoijaribu.

Hatua ya tatu: rudi kwenye ukurasa wa "Session", andika jina linaloeleweka, ubonyeze "Save".

Hatua ya nne ni kubadilisha mipangilio iliyokwisha kuhifadhiwa, na hapa ndipo nilipoharibu. Nilibofya jina mara moja, nikadhani mipangilio yake imekwisha kufunguka, nikarekebisha jambo dogo, nikabonyeza "Save". Kumbe kubofya mara moja huchagua jina tu. PuTTY ilichukua mipangilio ya msingi iliyokuwa mbele yangu ikaiandika juu ya ile ya zamani. Niliona anwani imefutika, nikaiandika upya, lakini vitufe sikuvikumbuka. Programu ilitarajia aina ya "Xterm R6", ambayo hutofautiana na ya msingi kwenye F1 hadi F4 pekee, kwa hiyo vitufe hivyo vinne vilikufa huku F5 na kuendelea vikifanya kazi, nami nikaandika ripoti ya hitilafu dhidi ya programu isiyo na kosa. Waundaji wake walipoteza siku nzima wakiitafuta. Chagua jina, bonyeza "Load", hakikisha anwani imetokea, ndipo ubadilishe, urudi "Session" na ubonyeze "Save".

MASWALI

Mwanachama, Kisumu: Nimebonyeza "Save" na kila kitu kimepotea. Programu hii ni mbovu.

Jibu: Soma hatua ya nne.

Mwanachama, Kisumu: Na mbona haikumbuki neno la siri?

Jibu: Haikukusudiwa kulihifadhi. Tumia ufunguo wa SSH, yaani faili la siri linalokutambulisha kwa seva badala ya neno la siri.

Mwanachama, Kakamega: Shikamoo mwalimu. Nimepewa kompyuta nyingine na ningependa kuelewa mipangilio hii hukaa wapi hasa, ili niihamishe bila kuandika yote upya.

Jibu: Marahaba, na ahsante kwa kuuliza vizuri. Kwenye Windows hukaa ndani ya rejista (hifadhi ya mipangilio ya Windows yenyewe), chini ya jina la mtumiaji aliyeingia, wala si kwenye faili la kawaida. Ndiyo maana kunakili programu yenyewe hakuihamishi. Kwenye kompyuta ya zamani andika amri hii:

reg export HKCU\Software\SimonTatham\PuTTY\Sessions mipangilio.reg

Peleka faili hilo kwenye kompyuta mpya na ulibofye mara mbili. Alama za utambulisho wa seva huhifadhiwa mahali pengine, kwa hiyo utaulizwa upya unapounganisha mara ya kwanza. Zilinganishe na za msimamizi wa seva kabla ya kukubali.

Mwanachama, Bungoma: Naongeza kwamba amri ya "putty -load" ikifuatwa na jina la mipangilio hufungua muunganisho moja kwa moja. Mimi pia huipa seva halisi mandhari mekundu na ya majaribio meusi.

Jibu: Hilo la rangi nimelichukua, ndugu. Litafaa pale ambapo programu haijipaki rangi zake yenyewe.