Ile barua ya CPNI usiitupe

Wenzangu mlioko Marekani, barua ya kampuni ya simu yenye herufi CPNI (yaani rekodi za simu zako ambazo kampuni inazo) mnaitupa pamoja na matangazo ya pizza. Mimi niliitupa mara mbili, isomeni. FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, imegawa huduma makundi matatu: simu za eneo lako, za masafa marefu na za mkononi. Una simu ya mezani tu? Basi rekodi zako, yaani uliyempigia, saa na dakika ulizoongea, wasizitumie kukuuzia ya mkononi, ambayo ni kundi lingine, bila ridhaa yako. Ujanja uko hapa: barua hiyo ndiyo inayoomba ridhaa, na ukinyamaza siku 30, umekubali! Piga namba iliyo kwenye barua, useme hutaki. Andika tarehe nyuma ya barua, uihifadhi. Huduma haikatwi kwa kukataa.