Kutengeneza chembe za nano za magnetaiti na kuzivalisha koti

Magnetaiti ni oksidi nyeusi ya chuma inayovutwa na sumaku, na chembe za nano ni vipande vyake vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Kwanza maji, tumia distildi (yaliyokenekwa), usichote ya bomba hapa Arusha, ya kwetu mengi yanatoka Mlima Meru na yamejaa floraidi yatakuvurugia kazi. Yachemshe yapoe huku umefunika, lengo ni kutoa oksijeni, ukiwa na mtungi wa naitrojeni pitisha mapovu ndo bora zaidi.

Pima chumvi mbili za chuma: feriki kloraidi yenye molekuli sita za maji (FeCl₃·6H₂O) gramu 5.4 na ferasi kloraidi yenye molekuli nne za maji (FeCl₂·4H₂O) gramu 2, yeyusha kwenye mililita 100. Hapo umepata uwiano wa mbili kwa moja kwa hesabu ya moli (idadi ya chembe, si uzito), na ndo roho ya kazi yote. Ferasi ikikaa wazi inageuka njano-kahawia, hiyo itupe tu.

Pasha hadi nyuzi 80, koroga kwa nguvu, mimina amonia ya asilimia 25 kama mililita 15 pH (kipimo cha uasidi na ubesi) ifike 10 hivi (vaa glavu na miwani, fanyia penye hewa jamani ile harufu sio mchezo). Inageuka nyeusi tii papo hapo kama masizi ya sufuria, ukiona kahawia ujue oksijeni imeingia.

Osha kwa kuweka sumaku chini ya bika, mimi natumia ya spika mbovu, tope jeusi la magnetaiti linashikwa unamwaga maji, rudia mpaka pH ishuke.

Koti sasa: ongeza asidi ya sitriki gramu 1, koroga saa moja na nusu kwenye nyuzi 80. Bila koti zinagandana, zikivaa zinaelea vizuri.