Taa za gari la zamani na MOT: jinsi ya kupita bila kulipa mara tatu

Gari langu ni la mwaka 2007 na injini yake haijawahi kunisumbua. Novemba iliyopita lilifeli MOT, ule ukaguzi wa lazima wa magari wa kila mwaka hapa Uingereza, kwa taa za mbele peke yake, na kwa kutojua kanuni moja nikalipa mara tatu na kukosa zamu mbili za usiku. Ndugu zangu wengi mna magari ya umri huo na mnafanya kazi za usiku kama mimi. Mwezi wa kumi na mbili jua la huku huzama hata saa kumi jioni haijafika. Taa mbovu hapo ni hatari kwako na kwa mtu anayevuka barabara, MOT au hakuna MOT.

Kuweka miadi kila mtu anajua. Ada ya gari dogo haizidi pauni 54.85. Ninachosisitiza ni kwenda mapema: unaruhusiwa kupima mwezi mmoja kasoro siku moja kabla cheti hakijaisha, na tarehe yako ya mwaka ujao inabaki ileile. Ukifeli huku cheti cha zamani kingali hai, na hukuandikiwa kosa la kiwango cha hatari, unaweza kuondoka na gari lako ukatengeneze.

Sasa kanuni iliyoniumiza. Ukifeli na ukaliacha gari palepale kituoni walitengeneze, kupimwa tena kile kilichofeli ni bure ndani ya siku 10 za kazi. Ukiondoka nalo na kurudi kabla ya mwisho wa siku ya kazi inayofuata, vitu vingi vidogo hupimwa bure pia: honi, vioo vya pembeni, mikanda, na taa. Mimi nilisikia "taa" nikaondoka nikiwa na amani. Usiku ule nikanunua balbu mpya, nikazifunga kwa tochi ya simu, asubuhi nikarudi. Pale kaunta ndipo nilipoambiwa kwamba taa zimo kwenye orodha hiyo, lakini mwelekeo wa mwanga wa taa za mbele haumo. Kwa mwelekeo unalipa, na hawaruhusiwi kukutoza zaidi ya nusu ya ada kamili. Nikalipa. Nikafeli tena. Na upimaji huo wa sehemu unapewa mara moja tu kwa kila MOT, kwa hiyo mara ya tatu nilianza upya kwa ada kamili.

Kwa hiyo kazi yote ifanyike nyumbani kabla ya kulipa senti. Fuata mpangilio huu, maana mimi niliuvuruga.

Anza na kioo cha taa. Magari haya yana vioo vya plastiki, na jua huvifanya vya njano na ukungu. Mwanga ukipita kwenye ukungu unatawanyika, na mkaguzi haoni mstari unaotenganisha mwanga na giza kwenye mashine yake. Asipouona mstari, hana cha kupima. Zungushia rangi ya gari utepe wa karatasi wenye gundi, kisha piga msasa wa maji: namba 800 kama njano imekolea, halafu 1500, 2000, na 3000. Kioo kiwe na maji muda wote. Usiogope kikigeuka cheupe kama maziwa, ndivyo inavyotakiwa; polishi itakirudisha. Ukishamaliza, paka vanishi ya kukinga jua. Watu wengi wanaishia kwenye polishi, na baada ya miezi michache njano inarudi, kwa sababu umeondoa ngozi ya kiwandani iliyokuwa ikikinga plastiki. Dawa ya meno inang'arisha kwa siku chache tu.

Angalia pia ndani ya taa. Ile sahani ya rangi ya fedha nyuma ya balbu ikiwa imeungua au kubabuka, msasa hautasaidia. Hapo tafuta taa nzima, hata iliyotumika.

Balbu nunua za aina ileile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Aina ya H7 ni wati 55, aina ya H4 ni wati 60 kwa mwanga wa mbali (fulu) na 55 kwa mwanga wa chini (dimu). Usishawishike kuweka balbu za LED kwenye taa iliyoundwa kwa balbu za halojeni. Naelewa kwa nini watu wanazipenda, zinawaka nyeupe mno, lakini mwanga wake hautoki pale ambapo taa ilikusudia utoke, unawapiga wenzako machoni. Mwongozo wa MOT unamtaka mkaguzi aifelishe taa ya namna hiyo, hata kama mwelekeo wake ni sawa.

Balbu mpya ikiwaka hafifu bado, shuku nyaya. Injini ikiwa inaunguruma na taa zimewashwa, pima volti kwenye betri, kisha pima nyuma ya balbu. Tofauti ikiwa kubwa, mara nyingi ni waya wa arthi (ule unaofungwa kwenye bodi ya gari) wenye kutu. Fungua, sugua hadi chuma king'ae, funga tena.

Kosa langu kubwa lilikuwa kwenye kuikalisha balbu. Aliyenionyesha ni mzee mmoja wa Mombasa anayetengeneza magari ya watu wa mtaani kwetu. Aliinama kwenye bonneti, akaingiza vidole viwili nyuma ya taa ya kushoto, akatikisa.

"Mwanangu, hii balbu haijakaa. Imelala."

Akaivua. Ule waya wa springi nilikuwa nimeubana juu ya ukingo wa balbu, na sikio lake dogo la bati lilikuwa nje ya pengo lake. Milimita mbili hivi, basi. Alipoigeuza likaingia, nikasikia limegota, na ukutani mbele ya gari mstari wa mwanga uliokuwa umeparaganyika ukanyooka mbele ya macho yangu. Kwa hiyo usiitazame tu balbu, iguse. Iliyokaa sawasawa haichezi. Kioo chake usikishike kwa vidole vitupu, mafuta ya ngozi hukiharibu kikipata moto.

Mwisho ndiyo unapima ukutani. Tafuta sehemu tambarare, simamisha gari mita 5 kutoka ukutani. Tairi ziwe na upepo sahihi, buti tupu, mtu akae kwenye kiti cha dereva, na kile kigurudumu cha kushusha taa kwenye dashibodi kiwe sifuri. Weka utepe ukutani kwa urefu wa kitovu cha taa kutoka chini. Washa dimu, siyo fulu. Kwa taa ambayo kitovu chake hakizidi milimita 850 kutoka ardhini, mstari wa mwanga unatakiwa ushuke kati ya asilimia 0.5 na 2 ya umbali. Kwa mita 5 hiyo ni kati ya sentimita 2.5 na 10 chini ya utepe wako. Mimi nalenga 6. Upande wa kulia mstari ulale, upande wa kushoto mstari uinuke juu. Mnaohama na magari kutoka Ujerumani au Uholanzi, zenu zinapanda kulia, na kwa hali hiyo hamtapita. Magari ya Japani hayana shida hiyo. Skrubu za kurekebisha ziko nyuma ya taa. Zungusha robo, tazama, zungusha tena.

Siku ya kupima, kabla ya kukabidhi funguo, muulize mkaguzi swali moja: mwelekeo ukiwa nje kidogo, ataurekebisha hapohapo? Kanuni zinamruhusu kutengeneza kasoro ndani ya saa moja baada ya kupima, kabla hajaingiza majibu, na gari likahesabiwa limepita. Akisema hafanyi, tafuta kituo kingine. Nilipouliza siku ya upimaji wa tatu, yule kijana alichukua bisibisi, akazungusha skrubu ya kulia mara moja, akaniita nije nitazame kwenye mashine. Mistari yote miwili ilikuwa imelala mahali pake.