Dereva wa matatu, kunywa maji hivi

Sisi wa Rongai hukwepa maji kwa kuogopa kubanwa na mkojo kwenye foleni ya Lang'ata, njia ya kwenda Nairobi. Usikwepe. Kunywa vikombe viwili kabla ya kutoka stejini, kisha nusu lita kila ukifika mjini, na ukojoe kabla gari halijajaa, hata kondakta akipiga kelele (yeye hushuka atakapo). Mkojo mzito ukikaa, kibofu huloa muda mrefu kemikali zinazoweza kuleta saratani. Utafiti wa Marekani wa 1999, wa wanaume karibu 48,000, ulikuta waliokunywa zaidi ya lita 2.5 za vinywaji kwa siku hawakupata sana saratani ya kibofu kama waliokunywa chini ya 1.3. Tafiti nyingine hazikukubaliana. Sigara je? Acha, maji hayaifuti. Ukikojoa damu, hata bila maumivu, egesha gari uende hospitali.