Kuchagua kihusishi sahihi cha Kiingereza: anza na neno lililotangulia

Juzi nilikaa na mdogo wangu tukisahihisha barua yake ya kuomba kazi. Nyakati za vitenzi alizipatia zote, ila vihusishi, yaani vijineno kama in, on, at na for, vilimwangusha: "interested with", "apply the job". Huu ndio utaratibu niliomwonyesha.

Hatua ya 1: Usitafsiri "kwa". Kwa basi ni by bus, kwa kisu ni with a knife, kwa Kiswahili ni in Swahili, kwa siku mbili ni for two days. Neno letu ni moja, yao manne.

Hatua ya 2: Tafuta neno linalodai kihusishi. Hapa ndipo nilipopoteza saa nyingi zamani, kwa hiyo nenda taratibu. Mara nyingi anayechagua si wewe, ni kitenzi au kivumishi kilichotangulia. Interested hutaka in, good hutaka at, married hutaka to, depend hutaka on. Fungua kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza iliyotungwa kwa wanaojifunza. Kamusi ya lugha mbili siishauri kabisa kwa kazi hii: itakwambia apply ni kuomba, basi. Ruka fasili, shuka kwenye mifano, uone ni kihusishi gani kinachojirudia.

Kisha tazama na kinachofuata, maana kitenzi kimoja huweza kubadilisha mwenzi. Apply for a job, lakini apply to a company. Agree with ni kukubaliana na mtu au maoni yake. Agree to ni kuridhia pendekezo. Agree on ni watu kuafikiana, tuseme, kuhusu tarehe. Wakati mwingine Kiswahili chenyewe kinakusaidia: mlipe dereva ni pay the driver, lipia tiketi ni pay for the ticket. Ile -ia yetu ndiyo for yao hapo. Usiitegemee kila mahali, lakini ikikubali inakaa kichwani moja kwa moja.

Hatua ya 3: Wakati. Saa ni at, siku na tarehe ni on, mwezi na mwaka ni in. In the morning, ila at night. Ukitaja siku, on Monday morning.

Hatua ya 4: Futa vilivyozidi. Discuss haitaki about. Go home haitaki to.

Hatua ya 5: Kwenye daftari usiandike apply peke yake. Andika apply for a job, na chini yake sentensi yako mwenyewe, yenye kazi unayoitaka kweli.