Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kukubali Kutoa Damu kwa Utafiti wa Korona na Kinga ya Mwili

Tafiti za korona hazikukoma pale watu walipovua barakoa. Wanasayansi wangali wanataka kujua kinga inadumu muda gani, kwa nini mtu mmoja huugua vibaya na jirani yake asisikie hata mafua, na chanjo zifanyiwe marekebisho gani kadiri kirusi kinavyobadilika. Majibu hayo hayapatikani bila watu wa kawaida kukubali kutoa damu au kuchukuliwa majimaji ya puani. Anayealikwa kwa kawaida huuliza kwanza kama sindano itauma na kama atarudishiwa nauli, nayo ni maswali ya haki kabisa. Hata hivyo, lipo swali linalostahili kutangulia: utafiti huu unatafuta nini hasa? Damu yako itajibu swali la watafiti, na mara nyingi swali hilo silo lile lililokusukuma wewe kwenda kituoni.

Mfano mzuri uko Kenya. Kati ya tarehe 30 Aprili na 16 Juni 2020, watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na programu ya Wellcome Trust, shirika la Uingereza linalofadhili tafiti za afya, yenye makao yake Kilifi walipima sampuli 3,098 za watu waliokuwa wamechangia damu katika vituo vya damu nchini. Hawakutafuta wagonjwa, bali walitafuta kingamwili, yaani alama inayobaki kwenye damu baada ya mwili kupambana na kirusi. Wakati huo wagonjwa waliothibitishwa Kenya nzima walikuwa elfu chache tu, lakini asilimia 5.6 ya sampuli hizo zilionyesha kingamwili, na baada ya hesabu kurekebishwa kulingana na umri, maeneo na udhaifu wa kipimo chenyewe, makadirio ya taifa yalikuwa asilimia 4.3, huku Mombasa ikifika asilimia 8.0 na Nairobi 7.3. Miezi michache baadaye, katika damu iliyochangwa kati ya Januari na Machi 2021, wenye kingamwili walikuwa karibu nusu. Kwa serikali na kwa madaktari, takwimu hizo zilikuwa utajiri mkubwa: zilionyesha kwamba kirusi kilikuwa kimepita katika nyumba nyingi kuliko ilivyodhaniwa, tena bila wengi kujua.

Kwa mchangiaji mmoja mmoja, habari ilikuwa tofauti, na hapa ndipo wengi hujikwaa. Kipimo kilichotumika Kilifi kiliweza kuwatambua takriban asilimia 93 ya waliowahi kuambukizwa, na kiliwatenga kwa usahihi asilimia 99 ya ambao hawajaambukizwa. Ukisikia asilimia 99 utadhani hakuna nafasi ya kukosea. Sasa chukua watu elfu moja ambao 50 kati yao wamewahi kuambukizwa. Kipimo kitawaona 46 au 47 kati ya hao, lakini katika wale 950 waliobaki, asilimia moja tu ya makosa inatosha kuwapa watu tisa au kumi jibu la kuwa na kingamwili ilhali hawana. Maana yake ni kwamba karibu mtu mmoja katika kila sita wanaoambiwa wana kingamwili ameambiwa kisicho kweli. Mtaalamu wa takwimu hulipunguza kosa hilo katika hesabu ya jumla, lakini hawezi kukuambia wewe uko upande gani. Kwa hiyo, kabla ya kukubali, uliza kama utapewa majibu yako, na kama utapewa, nani atakaa nawe akueleze maana yake. Utafiti unaosema waziwazi kwamba hautatoa majibu ya mtu mmoja mmoja haukunyimi haki. Huenda ndio wenye uaminifu zaidi.

Jambo linalofuata ni kuandaa historia yako, kwa sababu mtafiti hawezi kuisoma damu vizuri asipojua imepitia nini. Chukua kadi ya chanjo na usitegemee kumbukumbu. Chanjo kama AstraZeneca, Pfizer, Moderna na Johnson & Johnson huufundisha mwili kuitambua protini moja tu ya kirusi, ile miiba ya nje kinayoitumia kujishikiza kwenye seli za binadamu. Chanjo ya Sinopharm, iliyotengenezwa kwa kirusi kizima kilichouliwa, huufundisha mwili kutambua pia protini ya ndani inayofunga vinasaba vyake. Ndiyo maana mtafiti anayetaka kutofautisha kinga ya chanjo na kinga ya maambukizi hutazama kingamwili za protini hiyo ya ndani, na ukimwambia tu kwamba ulichomwa, bila kutaja aina ya chanjo, jibu lako litasomwa vibaya. Tarehe nazo zina uzito wake, maana kingamwili hupanda katika wiki chache za mwanzo, kisha hushuka taratibu kwa miezi. Sampuli ya mwezi wa kwanza na ya mwezi wa kumi za mtu yuleyule zinaweza kuonekana kama za watu wawili.

Taja pia dawa unazotumia na maradhi uliyo nayo, hata yale usiyopenda kuyataja mbele ya jirani, na uombe chumba cha faragha ikiwa hukupewa. Dawa jamii ya prednisolone, zinazotuliza uvimbe na mzio, hushusha nguvu za kinga. Ugonjwa wa figo, kisukari, VVU na ujauzito vyote hubadilisha namna mwili unavyoitikia. Malaria ya karibuni nayo itajwe, kwa kuwa baadhi ya vipimo vya mwanzo vya korona vilipojaribiwa kwa damu za Afrika zilizohifadhiwa kabla ya mwaka 2019 vilitoa majibu ya uongo, na malaria ilikuwa miongoni mwa sababu zilizoshukiwa.

Kuhusu siku yenyewe, kula na kunywa maji kama kawaida isipokuwa umeelekezwa vingine, na ufike saa uliyopangiwa. Wengi huona ukali wa muda kuwa ni ubabe wa wahudumu, lakini sababu iko mezani, kwenye rangi za vifuniko vya chupa ndogo. Damu ya kifuniko chekundu au cha njano huachwa igande ili maji yake ya juu, yenye kingamwili, yatenganishwe. Ile ya kifuniko cha kijani imetiwa dawa ya kuzuia kuganda kwa sababu ndani yake zinatafutwa seli hai, zikiwemo seli T, ambazo hukumbuka kirusi na kuua seli zilizokwisha kuvamiwa. Seli hizo zinapaswa kutenganishwa ndani ya saa chache na kuhifadhiwa katika naitrojeni ya kimiminika. Ukifika jioni, maabara inaweza kuwa imefungwa na damu yako ikawa imetolewa bure. Utafiti wa seli pia huhitaji damu nyingi zaidi kuliko ule wa kingamwili peke yake. Uliza ni mililita ngapi kwa kila safari na ni safari ngapi kwa jumla, na kama umechangia benki ya damu karibuni, ambako huchukuliwa takriban mililita 450 kwa mara moja, liseme hilo mapema.

Ikiwa unachoalikwa ni jaribio la chanjo, maandalizi yanaongezeka. Mara nyingi hutachagua kundi lako, na wewe na anayekuhudumia hamtajua umechomwa nini. Katika majaribio ya chanjo ya Chuo Kikuu cha Oxford yaliyofanyika Uingereza mwaka 2020, kundi la kulinganisha, yaani wale wasiopewa chanjo inayojaribiwa, lilipewa chanjo ya homa ya uti wa mgongo, ili maumivu ya mkono yasimjulishe mtu yuko upande gani. Kwa hiyo usiingie kwenye jaribio ukitegemea kwamba umeshapata kinga. Zipo pia tafiti ambazo mtu mwenye afya huambukizwa kwa makusudi: mwaka 2021 jijini London, vijana 36 walitiwa kirusi puani kwa matone wakiwa chini ya uangalizi, na miongoni mwa 34 waliohesabiwa mwishoni, 18 tu ndio walioambukizwa. Utafiti huo ulifundisha mengi kuhusu saa za mwanzo za maambukizi, saa ambazo hakuna mgonjwa wa kawaida anayefika hospitali akiwa nazo. Ukialikwa kwenye wa namna hiyo, jipe siku kadhaa za kufikiri na umshirikishe daktari asiyehusika nao.

Linabaki suala la damu baada ya wewe kurudi nyumbani. Pwani, visa vya mumiani, wanaosemekana kunyonya watu damu, vinajulikana tangu enzi za mababu, na siwacheki wanaovikumbuka, kwani hofu ya damu inayoondoka bila maelezo ina mantiki yake. Dawa yake ni kuuliza waziwazi: itahifadhiwa miaka mingapi, itasafirishwa nje ya nchi au la, vinasaba vyako vitachunguzwa au la, na nani atatoa idhini ikitakiwa kwa utafiti mwingine. Kuhifadhi damu si hila. Ule usahihi wa asilimia 99 uliotajwa juu ulijulikana kwa sababu Kilifi kulikuwa na sampuli zilizotolewa mwaka 2018, kabla kirusi hakijajulikana duniani. Wenyewe walizitoa kwa jambo jingine kabisa. Ila kukubali matumizi ya baadaye ni ridhaa ya pekee, na fomu nzuri huitenga na ridhaa ya utafiti wenyewe, ili uweze kukubali moja na kukataa nyingine.

Fomu hiyo isomwe kwa lugha unayoielewa, na iwe na jina la kamati ya maadili iliyotoa kibali pamoja na simu ya ofisi yake, ambayo si simu ya mtafiti. Tanzania, idhini ya kitaifa ya tafiti za afya hupitia Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR. Kenya, mtafiti huhitaji pia leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Uliza mapema ukijitoa katikati kitatokea nini: sampuli iliyobaki inaweza kuteketezwa kwa ombi lako, lakini takwimu zilizokwisha kuunganishwa na za wengine bila jina kwa kawaida hazitoki tena, na hilo linapaswa kuwa limeandikwa kabla hujaweka sahihi. Nakala ya fomu ni yako. Ondoka nayo siku hiyohiyo.