Jinsi ya Kupima Kama Ishara ya Ukuaji Inatunza Seli Shina za Mbegu za Kiume

Seli shina za mbegu za kiume hukaa kwenye utando wa msingi wa mirija ya korodani, zikipakana na seli za Sertoli (seli za korodani zinazolea mbegu), na ishara za ukuaji zinazotoka kwa majirani hao huchangia sana kuamua kama seli shina itajizalisha au itaanza kugeuka kuwa mbegu. Katika panya wa maabara seli hizo ni haba mno, takriban 1 katika kila seli 3,000 za korodani. Kwa hiyo anayepima ishara fulani asitosheke na kuona seli zikiongezeka kwenye chombo, kwani nyingi kati ya hizo huenda zimekwisha kuacha kuwa seli shina.

Anza na ishara inayojulikana vizuri ili uwe na cha kulinganishia. Protini ya GDNF, inayotolewa na seli za Sertoli, hujishikiza kwenye vipokezi vya GFRA1 na RET vya seli shina. Mwaka 2000 ilionyeshwa kwamba panya aliyebaki na nakala moja tu ya jeni ya GDNF hupungukiwa na seli shina taratibu, ilhali panya anayeitengeneza kupita kiasi hurundika seli zisizokomaa ndani ya mirija. Ndiyo maana jaribio lipangwe kwa viwango kadhaa, si kwa kuwepo na kutokuwepo kwa ishara tu.

Chukua korodani za panya wenye umri wa siku chache, tenganisha seli zake kwa vimeng'enya, kisha chagua zenye protini ya THY1 kwa kutumia kingamwili. Ziweke juu ya seli walezi zilizozuiwa kugawanyika, katika kioevu cha lishe kisicho na seramu (majimaji ya damu). Sharti hili lisilegezwe, kwa kuwa seramu huleta ishara usizozijua. Soma pia lebo ya kila kiongezi cha lishe: vitamini A inaweza kugeuzwa kuwa asidi ya retinoiki, ishara inayozisukuma seli kukomaa.

Tenga kundi lisilo na ishara, lenye GDNF pekee, lenye GDNF na FGF2 (protini nyingine ya ukuaji), na lenye ishara unayoipima, ikiwa peke yake na ikiwa pamoja na GDNF. Vichala vya seli vikiota, vipake kingamwili za protini za PLZF na KIT. Seli zenye KIT kwa kawaida zimeshaanza kukomaa. Lakini PLZF, alama ya seli ambazo hazijakomaa, isikushawishi upesi, maana hupatikana pia katika seli tangulizi zisizodumu, yaani zilizokwisha kuacha kuwa seli shina.

Hukumu ya kweli hutolewa na upandikizaji, mbinu iliyoanzishwa na Ralph Brinster na wenzake mwaka 1994. Tumia seli zenye jeni ya lacZ, inayozifanya ziwe za buluu zikipakwa rangi maalumu, uzidunge kwenye mirija ya panya ambaye seli zake za uzazi zimeondolewa kwa dawa ya busulfani. Subiri miezi miwili au zaidi: utengenezaji wa mbegu za panya huchukua siku 35 hivi, kwa hiyo seli tangulizi zitakuwa zimekwisha. Kila koloni la buluu utakaloliona lihesabu kama zao la seli shina moja.

Hapa ndipo wengi hupotoka katika hesabu. Tuseme ulianza na seli 100,000 zilizoweza kutoa makoloni 20, na baada ya kuzikuza ukapata seli 1,000,000, ambazo kila 100,000 kati yake hutoa makoloni 5. Jumla ni makoloni 50: seli zimeongezeka mara 10, seli shina mara 2.5 tu. Pima daima kwa kurejea idadi uliyoanza nayo.

Kisha ondoa ishara na uangalie kama jeni za ETV5 na BCL6B, ambazo huchochewa na GDNF, zinafifia. Irudishe uone kama zinaamka. Usihamishie matokeo hayo kwa binadamu moja kwa moja, kwa sababu seli zake zikipandikizwa kwa panya hukaa na kuongezeka, lakini hazifikii kutengeneza mbegu.